Ndimu, Waridi na Mashavu ya Dada Tekla

Jumamosi, nyumbani Ipuli. Upepo wa kiangazi umevuma tangu alfajiri, na vumbi limeingia mpaka kwenye chungu cha uji. Naandika nikiwa nimekaa kizingitini, kabla koroboi haijawashwa. Nimevaa gauni la mikono mirefu ingawa kuna joto. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Uso wa dada Tekla umeharibika, na mimi ndiye niliyeuharibu.

Mambo yalianzia shuleni, kwenye zamu ya kusafisha kanisa. Sisi wasichana tunasugua vinara vya shaba vya altareni kwa ndimu na majivu mpaka vinang'aa. Siku moja nilijitazama kwenye kinara nilichokuwa nakisugua, nikaona vipele vyangu vyote. Nikawaza: kama ndimu inang'oa ukijani kwenye shaba, itashindwaje na mafuta ya usoni? Majivu niliyaacha kwa sababu yanachubua. Nilijiona nina akili sana kwa kuyaacha.

Basi nikatengeneza maji yangu ya kupangusia uso. Nilitia maji yaliyooshewa mchele, asali kidogo ya mizinga ya Baba, maji ya waridi kutoka duka la Mhindi karibu na stesheni, na ndimu nyingi. Nikawa najipangusa kila jioni bwenini, kisha nalala. Uso ukawa laini kweli. Sijui kilichosaidia ni kipi. Maji ya waridi yanapoza na kunukia, lakini sidhani kama yanafanya zaidi ya hapo. Labda ilikuwa asali. Labda ilikuwa ile kunawa tu kila jioni, jambo ambalo zamani sikulifanya.

Nilikuja nayo chupa hiyo likizo. Dada Tekla ameposwa na mwalimu wa Usoke, na harusi ni baada ya mavuno. Alipoinusa chupa alicheka.

"Haya, daktari, niambie dawa inatumiwaje."

Nikamwambia ajipanguse asubuhi na jioni, na asiyaoshe.

Mimi sikuwahi kujipangusa asubuhi.

Shuleni asubuhi Sista hutukagua nyuso, na anayenukia marashi hurudishwa kisimani. Neno "asubuhi" nililiongeza mwenyewe, kwa kuwa dada yangu mkubwa alikuwa ananisikiliza nami nikataka aendelee kunisikiliza. Akajipangusa, akatoka uani kuanika karanga, akakaa juani mpaka adhuhuri. Akafanya hivyo siku iliyofuata na nyingine tena. Ngozi ikamwasha, kisha yakatoka mabaka meusi kwenye mashavu, na mstari mmoja shingoni pale maji yalipochuruzika.

"Umejipaka nini, Tekla?" Mama alimwuliza.

"Sijapaka kitu, Mama. Labda ni moshi wa jikoni."

"Moshi gani huo unaochagua mashavu na kuacha pua?"

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Alisema babu yake alikuwa mpagazi, akabeba marashi ya mawaridi kichwani toka pwani mpaka hapa, na hakumbuki kusikia kwamba mzigo ule ulimfanya mtu yeyote mzuri. Mimi nilikuwa nachambua mchicha. Niliendelea kuchambua.

Usiku ule Tekla aliniambia nisithubutu kusema. Mama ameshatamka zaidi ya mara moja kwamba kama shule inanifundisha upuuzi, atamwomba Baba niachwe nyumbani. "Mabaka yatakwisha," dada alisema. "Shule ikikwisha, imekwisha."

Nilifurahi aliposema hivyo. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilifurahi, nikalala usingizi mzuri.

Jumatano alikwenda sokoni akakutana na mama mmoja wa ukoo wa mchumba wake. Alimwamkia, akampa mkono. Yule mama aliitikia marahaba, lakini mkono wake akaufungia ndani ya kanga. Sasa habari imefika Usoke. Kesho baada ya Misa mashangazi wa mwalimu watashuka kwenye treni, waje kutusalimia. Kila mtu hapa nyumbani anajua wanakuja kutazama nini. Neno lenyewe ni ukoma, na hakuna anayelitamka. Baba amefagia uwanja mwenyewe.

Wakisema hawamtaki, hakuna atakayekuja tena kumposa. Tekla analijua hilo, na bado amenyamaza kwa ajili yangu.

Alhamisi nilifanya kile ambacho nilipaswa kukifanya kwanza, kabla ya kumpa mtu chupa. Nilipaka maji yale mikono yote miwili, juu ya viwiko. Mmoja niliufunga kwa kitambaa, mwingine nikauacha wazi, nikakaa uani na karanga mpaka adhuhuri. Leo mkono niliofunga ni safi. Mkono wa juani una baka jekundu linaloanza kuwa jeusi, lenye umbo lile lile la mahali nilipopaka maji. Kwa hiyo si ugonjwa. Ni ndimu, na jua, na mimi.

Tangu asubuhi nimekuwa nikipanga kwamba kesho nitavaa gauni la mikono mifupi, nipeleke maji ya kunawa kwa mashangazi, wauone mkono wangu kabla hawajamtazama dada. Nilidhani huo ni ushujaa. Lakini Mama atakuwa amekaa pale pale, na ataujua ukweli mbele ya wageni, pamoja na wageni. Hilo nalo ni kosa, na safari hii nimeliona mapema.

Sijui kama nitarudi shule. Sijui kama mashangazi wataamini mkono wa mtoto. Natumaini wataamini, maana hata mimi nisingeamini bila kuona.

Dada Tekla anapita na ndoo, ameinamisha uso kama anavyofanya siku hizi hata tukiwa peke yetu. Mama ananiita jikoni nikawashe koroboi.

Nimekunja mikono ya gauni mpaka mabegani. Naenda.