Kibuyu cha Kumrudisha Koku

Jumatatu, 4 Juni 1951
Kaptula sita za matarishi wa Bwana Shauri wa wilaya zimekwisha. Ya saba nimeshona mfuko ukaziba, nikafumua. Mikono inatetemeka mpaka jirani mwenye duka ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano. Ametunga, akanirudishia sindano. Afadhali angenitukana.

Mke wangu Koku yuko kwao Kishanda wiki ya tatu sasa, na watoto wote wawili. Simlaumu. Gauni la kumbatizia mdogo nililikata nikiwa nimelewa, likatoka halina tundu la kichwa. Nilicheka mbele ya watu. Yeye hakucheka.

Jumanne, 5 Juni
Ujumbe kutoka kwa mkwe. Niende Jumapili ya tarehe 17 kumchukua mke wangu, na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kama desturi inavyotaka. Nisipokwenda, ndoa imekwisha.

Rubisi ndiyo iliyomfukuza, sasa ndiyo imrudishe. Tena anayeleta pombe lazima aionje kwanza mbele ya wazee, waone haina sumu. Funda moja tu. Najijua mimi na funda moja.

Alhamisi, 7 Juni
Jirani aliniambia kuna mzee, Ta Zakaria, huko Kishanda, zamani mkamuaji wa rubisi aliyesifiwa kote, siku hizi anakusanya walioacha pombe kila Alhamisi alasiri. Nimekwenda kwa baiskeli. Mara mbili niligeuza nirudi kwangu Muleba.

Watu wanane. Wamekaa juu ya ule mtumbwi wa mti ambao Ta Zakaria alikuwa akikamulia ndizi, sasa umepinduliwa umekuwa benchi. Kila mmoja anasema pombe ilivyomtenda. Ma Yustina, mjane, alisema aliwahi kulala kwenye mazishi ya dada yake. Zamu yangu nilitaja jina, basi, nikalia. Nimeshaandika, yaishe.

Mwisho kinapita kikapu cha kahawa ya kutafuna. Kila tunda lina punje mbili. Unagawana na aliye karibu nawe, na kuanzia hapo ukianguka unakwenda kumwambia yeye kwanza. Mimi nimegawana na Ma Yustina.

Jumamosi, 9 Juni
Nimekunywa. Mteja aliniletea kata moja kunishukuru kwa kanzu. Niliianza kata, nikamaliza kibuyu. Mjinga mimi.

Jumapili, 10 Juni
Baada ya ibada nimekwenda kwa Ma Yustina. Nilidhani atanifukuza. Alikuwa anamenya ndizi, akanipa kisu na mimi nikamenya. Tulipomaliza ndipo akauliza kama nimekula. Nilimweleza yote, na habari ya kibuyu cha mkwe pia.

Alhamisi, 14 Juni
Wamebishana kwa ajili yangu. Mmoja anasema nisiende. Mwingine anasema nibebe rubisi, aonje mtu mwingine. Mawe! Hapo mkwe atasema nimemletea sumu. Hofu imenishika vibaya.

Mara Ta Zakaria akatuamuru wote tusimame, akaupindua mtumbwi ukatazama juu, akaanza kuufuta utando wa buibui. Kumbe Ma Yustina alishamwambia, na ndizi amezivundika tangu Jumatatu.

“Tutakamua omuramba,” akasema. “Maji matamu ya ndizi tu, hatutii mtama. Uonje hata kata nzima.”

Jumapili, 17 Juni
Tumekanyaga ndizi na nyasi tangu alfajiri, mimi na Ta Zakaria, miguu imenata mpaka magotini. Alikataa kibuyu changu cha zamani. Alisema kina chachu, kitaugeuza omuramba uwe pombe njiani. Akanipa kipya.

Wazee watano walikuwa wamekaa na mkwe. Nilipiga magoti, nikaonja kata nzima, nikasema ukweli kabla mkwe hajagusa: hii si rubisi. Alionja. Wazee walicheka.

“Hiki ni kinywaji cha watoto,” mkwe akasema.

“Ndiyo, waitu. Cha wakubwa kimenishinda.”

Wakaacha kucheka. Mkwe aliangalia ndani ya kata, kisha akaniambia niende nyumbani, wala hakumtaja Koku. Koku alikuwa mlangoni. Nimeendesha baiskeli na hasira, sijui ya kumkasirikia nani. Kilabuni walikuwa wanaimba. Nimepita.

Jumatano, 20 Juni
Hakuna ujumbe. Nahesabu ndoa imekufa. Nimenunua bafta nyeupe nikakata gauni jingine. Nimeanza na tundu la kichwa. Uzi nimetunga mwenyewe, mara ya nne ukaingia. Nimetafuna kahawa mpaka ulimi umekuwa mzito.

Alhamisi, 21 Juni
Gauni nimelifunga kwenye gazeti, nikaenda Kishanda nikidhani nitalipeleka kwa mkwe baada ya mkutano.

Mtumbwi umepinduliwa tena, umekuwa benchi. Koku alikuwa amekaa juu yake pembeni ya Ma Yustina, mdogo mgongoni, mkubwa akichezea kibuyu kipya. Kitupu. Aliniambia baba yake alikataa kumpa mgeni yeyote ule omuramba, amewanywesha wajukuu mpaka tone la mwisho. Leo asubuhi akamwambia Koku akirudishe kibuyu kwa mwenyewe, na watoto aende nao.

Akasogea, nikakaa. Nilimpa gauni. Aliingiza mkono kwenye tundu la kichwa, ukatokea upande wa pili, akautazama.

Kikapu kilipofika alichukua tunda moja, akalipasua kwa meno. Punje moja akanipa mimi. Tukatafuna.