Jiko la Moshi la Mzee Obure

S.L.P. 318,
Kericho.
13 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Chepngeno,

Na sasa nikuambie lile jiko liliishia wapi, maana simu ilikatika nikiwa nacheka, na siku hizi sicheki tena. Lakini kwanza, habari za Sigor? Goti limepoa? Ng'ombe amezaa salama? Sisi ni wazima wa mwili.

Ndoa ni tamu, Shangazi. Weldon hunipashia maji ya kuoga kabla sijaamka. Nikimwona akitokea kwenye majani chai akirudi nyumbani, moyo hunienda mbio kama siku ile kanisani. Ndiyo maana barua hii inaniuma.

Unajua shamba lilileta mashine za kuchuma chai, Weldon akaachishwa kazi. Tukapanga kuuza nyama ya moshi Bomet mjini, ili asilazimike kwenda Qatar kulinda majumba ya watu. Matumaini yote yalikuwa kwenye jiko la Mzee Obure, fundi mstaafu wa kiwanda cha chai, ambalo aliachiwa na meneja Mzungu zamani na sasa alikuwa analiuza.

Tulilikagua vizuri. Ni chuma kizito, lina sanduku la moto ubavuni na bomba la moshi, na herufi za kiwanda kilicholitengeneza bado zinasomeka mlangoni, kwa hivyo si pipa lililochomelewa. Weldon aligonga kila upande kwa nyundo akitafuta palipoliwa na kutu.

"Bwana arusi, unapima hiyo chuma kama daktari," Obure akamwambia. "Ikikohoa uniite."

Niliweka tochi ndani ikiwaka, tukafunga mlango. Mwanga haukupenya popote. Nikanusa: mafuta ya nyama ya zamani tu.

Kisha tukalijaribu kwa mbavu za mbuzi. Kuni zilikuwa za mkaratusi, hizi tunazopikia kila siku. Nyama ikatoka chungu, inatia ulimi ganzi, inanuka kama dawa ya kifua. Weldon akatema, akasema chuma kimenyonya dawa za shambani. Nikamwamini. Tukamwambia Obure lina sumu, hatulitaki.

Jumamosi nilikuwa nasafisha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nikichoma ndani yake kijiti cha senetwet, mti ule wa kuyapa harufu nzuri ya moshi, kama ulivyonifundisha. Nikakiweka chini. Kibuyu siwezi kukitia moshi wa mkaratusi hata kwa dawa, seuze nyama? Jiko lilikuwa zima. Uchungu ulikuwa wa kuni zetu.

Nilikimbia kwa Obure. Nikakuta nyasi zimelala mahali liliposimama. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamelikata vipande, wakaenda nalo.

"Mama, si mlisema iko na sumu?" akaniuliza kwa upole. "Sasa ningepikia nani?"

Huo upole ndio ulionimaliza.

Nilipomweleza Weldon, alikaa kizingitini, akanishika mikono iliyokuwa bado inanuka senetwet, akaiweka usoni pake. Kesho yake akampelekea wakala wa kazi za Qatar pasipoti. Ni mkataba wa miaka miwili, Shangazi, na picha zetu za harusi hata hazijatundikwa ukutani.

Nisalimie Janeffer na Kiptanui. Mungu aliyekulinda miaka yote ya ujane azidi kukufunika, na anifundishe mimi kungoja.

Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, mimi na yeye, akuage. Tafadhali tayarisha kibuyu kimoja cha mursik. Nataka aondoke na ladha ya moshi wa kwetu kinywani.

Ni mimi mwanao ninayekupenda sana,
Chepchirchir