Eti Ardhi Tupu

Jumamosi jioni, Mocímboa da Praia, pwani ya Msumbiji.

Jua limetuchoma tangu asubuhi na upepo haukuja kabisa. Mikono inaninuka samaki mpaka viwikoni, mgongo unauma, kucha zimejaa udongo, na sina hata chembe ya aibu. Kama yule mteja wangu wa gauni la harusi anasoma hapa mtandaoni, asiwe na wasiwasi. Kitambaa chake nitakigusa nikishaoga mara mbili.

Nina hasira, shajara. Nimeileta kwako kwa sababu wewe huniambii "tulia, dada", maneno ambayo wiki hii nimeambiwa na kila mtu, kuanzia kaka yangu Momade mpaka muuza mkaa. Sitatulia. Nimetulia sana maisha yangu na sijaona faida yake.

Kwa asiyelijua shamba letu: lipo nyuma ya ghala kuukuu la bandarini, na watu wa mtaa wanaliita machamba ya bairro, yaani shamba la mtaa. Zamani palikuwa na minazi ya Bi Zaituni. Ikashikwa na ugonjwa, vichwa vikakauka na kuanguka, mwishowe akaikata yote ikawa kuni. Pakabaki mchanga, na watu wakaanza kutupa taka. Ndipo sisi wanawake wa mtaa tukamwendea, tukamwomba atuazime tulime mboga. Akakubali. Sharti lake lilikuwa lile la siku zote ambalo hakuna anayehitaji kuelezwa: lima utakacho, mti usipande.

Ndivyo ilivyo kwetu. Ukiazimwa ardhi unapanda mihogo, maharage, bamia, kitu cha kuvuna kikaisha. Mti haupandi, kwa sababu anayepanda mti amesema hapa ni pake, na watoto wake watakuja kusema hivyo hivyo. Hata mtoto mdogo wa pwani hii anajua.

Hakuna anayelipwa pale. Kila Jumamosi wengine wanateka maji kisimani, wengine tunakwenda wanapoteremsha samaki tukaombe matumbo na vichwa, tunakuja kuvifukia mchangani, maana mchanga mtupu hauzai kitu. Kunguru wameshatuzoea, wakituona na ndoo wanatusindikiza njia nzima. Tukivuna, kila mmoja anapata fungu la nyumbani, lakini fungu la kwanza ni la hospitali, wodi ya wazazi. Wapo wanawake wanaoletwa kutoka Diaca na mbali zaidi, wamejifungua na hawana ndugu mjini wa kuwapikia. Sufuria yao iko mikononi mwa Tia Lusia, shangazi wa mtaa mzima, Mmakonde kutoka bara ambaye mume wake ni mpakiaji bandarini. Anapika mchicha wa nazi, anaubeba mwenyewe, na muuguzi akileta ubishi mlangoni, sauti ya Tia Lusia inasikika mpaka sokoni.

Basi Jumatano wakaja.

Tangu gesi ionekane huko baharini upande wa Palma, mji umejaa magari meupe na watu wanaonyosha vidole. Sisemi gesi ni mbaya. Momade kila asubuhi anapanga foleni ya kuomba kazi, amevaa shati nililomshonea mimi, anajisemesha Kiingereza njia nzima, na nikiswali namwombea apate. Ila gari lile la Jumatano liliingia moja kwa moja kwenye uwazi wa ua wetu wa makuti, likapita juu ya tuta la bamia, likasimama katikati kama limefika kwa mama yake.

Akashuka kijana nadhifu, mkononi kopo la rangi nyekundu na brashi. Wanapita mitaani wanapaka alama kwenye miti, ili wenyewe wajulikane na walipwe fidia kabla kampuni haijachukua eneo. Eneo letu wanataka kuweka makontena. Akazunguka na kopo lake akitafuta shina la kupaka. Halikuwepo. Akamgeukia mwenzake.

"Aqui não há nada. Terreno vazio."

Hapa hamna kitu. Ardhi tupu. Alisema hivyo mguu mmoja ukiwa ndani ya mchicha.

Nikamwambia kwa Kireno changu cha shule, "Senhor, huo unaoukanyaga ni mchicha." Akatazama chini, akasema desculpa, samahani, akauhamisha mguu. Akauweka kwenye nyanya.

Sikucheka wakati ule. Nacheka sasa, kidogo. Alitueleza kwa upole, lazima nikiri hilo, kwamba mboga huvunwa zikaisha, kwa hiyo hazihesabiwi. Kinachohesabiwa ni mti. Jumatatu watarudi na wakubwa zao kuhakikisha kwamba eneo ni tupu, kisha kazi ianze. Wakapanda gari, wakatoka kwa kurudi nyuma, na bamia zilizokuwa zimesalimika mara ya kwanza zikalala.

Tupu! Nendeni wodi ya wazazi mkawaulize kama ni tupu.

Alhamisi nikaamua la kufanya, na hapo ndipo nilipovurunda. Nilikwenda kwa mjomba wangu anayeotesha miche ya minazi, nikarudi na mabeseni mawili yamejaa, nazi zimeshatoa majani. Tukaipanda yote, safu moja kando ya ua. Tulipomaliza tukapigiana vigelegele. Wanataka mti? Haya, hii hapa miti. Nilijiona jemadari.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka. Sisi tuliozaliwa hapa, tuliolelewa na desturi ile, tulisimama juu ya ardhi ya kuazimwa tukapanda minazi huku tunaimba.

Ijumaa baada ya swala Bi Zaituni akaja kama kawaida yake kuchukua mchicha wake na kutukosoa. Ni mwanamke mfupi, mkali, anayetembea na mwavuli mweusi mvua iwepo isiwepo. Aliiona ile safu kabla hajatusalimia.

"Nani kapanda?"

"Mimi, Bi."

"Mnanirithi ningali hai?"

Nikaanza kueleza. Hakunisikiliza. Alikwenda kisimani, kisima alichochimba marehemu mume wake, akafungua kamba ya ndoo, ambayo ni yake, akaizungusha mkononi taratibu mpaka ikaisha, akaibana kwapani chini ya kapulana, kanga yake ya kujitanda, akaondoka nayo. Mwavuli ulitangulia, ncha ya kamba ikamfuata ikiburuta mchangani.

Na mimi nikamkasirikia! Nilifika nyumbani nikapiga kelele hadi Momade akatoka nje. Tunamwokolea ardhi yake, yeye anatunyima maji? Momade akasema labda bibi amechoka, mwacheni achukue fidia yake apumzike, na nyinyi mtalima kwingine. Kwingine wapi? Siku hizi kila kwingine kuna gari jeupe.

Leo asubuhi nikakuta nyanya zimelegea. Tuliazima kamba kwa jirani, fupi, haikufika majini. Wanawake walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa wakinitazama. Tia Lusia ndiye aliyesema, akiwa amefunga mikono kifuani.

"Mariamu, umepanda wewe, ng'oa wewe. Kwetu kule bara ungeshafukuzwa na mbwa."

Niling'oa. Kila mche, mchana kweupe, jasho likiniingia machoni. Nikajaza mabeseni, moja kichwani kwangu, moja kichwani kwa Tia Lusia ambaye hakuombwa, tukapita barabara kuu mpaka kwa Bi Zaituni. Watu walitucheka. Muuza mkaa aliuliza kama tunahamia kisiwani. Nilimjibu vizuri tu, maneno siyaandiki hapa, mama yangu anasoma.

Bi Zaituni alikuwa barazani akichagua mchele. Tukatua mabeseni mbele yake. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu njiani, na hotuba yote ikapotea. Nikapiga goti nikasema, "Bi, nimekukosea. Hii ni yako. Ukitaka panda, ukitaka choma."

Akaendelea kuchagua mchele. Ndipo Tia Lusia, ambaye hawezi kimya, akasema yule kijana wa kopo la rangi ndiye wa kulaumiwa, yeye na ardhi yake tupu.

Mkono wa Bi Zaituni ukasimama juu ya ungo.

"Kijana gani?"

Tukatazamana. Jumatano walikuja. Alhamisi tulipanda. Ijumaa tuligombana. Na katika siku zote hizo hakuna mtu aliyekwenda barazani pale kumwambia mwenye ardhi kwamba ardhi yake inachukuliwa. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda. Mimi, nikiwa mkweli, sikudhani chochote. Nilishaanza kusema "shamba letu" mpaka nikamsahau mwenyewe.

Nikamweleza yote. Gari, kopo, mguu ndani ya mchicha, Jumatatu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo bado nalisikia mpaka saa hii ninapoandika.

"Wao wameingia kwangu hawakuniuliza. Ninyi mkapanda kwangu hamkuniuliza. Mimi nitawatofautishaje?"

Nililia. Sitaki kupamba. Nililia palepale mbele ya Tia Lusia, na machozi yakanikera, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Niliwachukia watu kwa kuiona ardhi haina mtu, na mimi mwenyewe nilimpita mtu wake njiani.

Bi Zaituni akaweka ungo chini. Akaingia ndani. Nilifikiri ndiyo basi, amemaliza na sisi. Akatoka na mwavuli na ile kamba.

"Leteni hiyo miche," akasema. "Tena usilie barabarani, utaniaibisha."

Tukarudi njia ileile, yeye mbele, sisi na mabeseni nyuma. Safari hii muuza mkaa alinyamaza.

Shambani alifunga kamba yake kwanza, akateka ndoo ya kwanza yeye mwenyewe, akazimwagia nyanya. Halafu akatembea kuuzunguka ua akitazama. Nikamwonyesha mashimo yangu ya kando, nikidhani atayatumia. Akayapita. Akaenda mpaka kwenye uwazi wa ua, mahali gari lilipoingilia, ambako alama za matairi bado zipo, akasimama katikati ya alama hizo akakita ncha ya mwavuli.

"Hapa."

Nikamwambia, "Bi, hapa ndipo tunapopitia na ndoo."

"Na wao wanapitia wapi?"

Basi nikamkabidhi jembe. Tia Lusia alitaka kumsaidia kuchimba, akazuiwa kwa mwavuli. Alichimba mwenyewe, polepole, akipumzika, akitukana udongo. Akamimina chini matumbo ya samaki tuliyoleta asubuhi, akachagua mche mmoja, ulionyooka kuliko yote, akapiga magoti akaupanda. Mmoja tu. Mingine akatuambia tukapande kwetu, kila mtu kwake, mahali ambapo hatahitaji kumwomba mtu radhi.

Halafu akatugeukia wote, mikono imejaa udongo na damu ya samaki. Akasema mboga ni zetu, tulime mpaka tuchoke. Mnazi ni wake. Na Jumatatu atakuja na mkeka wake akae kando ya mti wake, na mtu yeyote mwenye swali kuhusu ardhi ile amuulize yeye, mdomo anao.

Vigelegele vya leo vilikuwa vingine kabisa. Vile vya Alhamisi tulijipigia sisi.

Sijidanganyi, shajara. Najua mnazi mmoja hauzuii kampuni. Momade kaniambia hivyo mara tatu akiwa anakula bamia zangu. Inawezekana wakubwa wakamtazama bibi yule na mkeka wake, wakacheka, wakaandika walichokuja kuandika. Naogopa. Lakini kama ni kuondolewa, tutaondolewa tukiwa watu, na mwenye ardhi akiwa na jina, na kila mmoja wao atakuwa ameambiwa usoni kwamba hapa hapakuwa tupu hata siku moja. Sufuria ya hospitali itapikwa hapohapo shambani siku hiyo, Tia Lusia ameshaapa, wapite wakinusa.

Mimi nitafunga cherehani. Mwenye gauni la harusi anisamehe, atapendeza Jumanne.

Kabla ya kuondoka jioni hii niliumwagilia ule mnazi. Nilimwomba Bi Zaituni ruhusa kwanza, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Ni mdogo mno. Majani mawili na nazi iliyochungulia mchangani, haunifiki hata gotini.

Waje na kopo lao. Wakitaka kuupaka rangi, itabidi wapige magoti.