Bolti Nyuma ya Klachi

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Wateja wa kushonewa sare za shule wamenikaba koo, na goti la kushoto la Baba liko vilevile, siku linakubali, siku linagoma.

Najua unachotaka kusoma ni habari za gari, nami nitafika huko, ila nivumilie nianzie ninapotaka. Uliponiagiza nichukue ufunguo kwa Baba baada ya nguzo ya geti kugongwa, niliuchukua. Uliposema mnunuzi atakuja Jumamosi hii kulichukua gari, niliitikia. Baba hakubisha. Aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza yangu ya kukatia, akarudi chumbani kwake. Tangu hapo mizani za sokoni alizozoea kuzifuata na kuzitengeneza zinakwenda kwa mafundi wengine, maana sanduku lake la mawe ya kupimia halibebeki kwa miguu, sembuse kwa goti lile. Anashinda barazani akisugua mizani moja ambayo tayari inang'aa. Inaniuma kumwona.

Sasa, unanijua mimi na udadisi wangu. Kichwani nilibaki na swali moja: kwa nini gari liliruka? Aliyekuwa kwenye usukani alikanyaga klachi mpaka chini, akaanza kuiachia, na gari likachupa mbele mpaka kwenye nguzo. Injini haina kosa, breki hazina kosa. Basi nikawa naenda kukaa kwenye kiti cha dereva, gari limezimwa, nakanyaga na kuachia, nakanyaga na kuachia, mpaka jirani akaniuliza kama siku hizi nguo nashonea humo.

Nilichokiona ni hiki. Kuifikisha pedali ile sakafuni lazima ujisogeze mbele ya kiti na kuunyoosha mguu wote. Ukianza kuiachia, kisigino hakina pa kukaa, mguu unaning'inia hewani, na pedali inakuponyoka. Mwenye goti bovu ataumia, na mwenye mguu mfupi hatafika vizuri.

Nikampelekea swali langu fundi magari wa mtaa wa nyuma, yule tunayemwita Kesho kwa sababu ndilo jibu lake la kila siku. Bila hata kutoa kichwa kwenye boneti, aliniambia kwamba klachi yetu hukata katikati tu ya safari yake, yaani hapo injini imeshatengana na gia, na yote inayobaki mpaka sakafuni ni kuuchosha mguu bure. Akasema wapo madereva wanaoweka kizuizi nyuma ya pedali, bolti iliyovikwa mpira kichwani, ili isishuke kupita inapohitajika. Nikamuuliza kinauzwa wapi. Akacheka, akasema hicho hakiuzwi, kinaokotwa.

Basi nikaokota. Bolti ndefu niliifungua kwenye kitanda kibovu kilicho stoo, nati mbili nilizipata kwenye kopo la Kesho mwenyewe, na mpira niliuvua kwenye mguu mmoja wa stuli yangu, ndiyo maana siku hizi nashona nikiyumba. Kwenye bati la sakafu ya gari, nyuma ya pedali, kuna tundu la bolti lisilo na kazi, kana kwamba lilikuwa linanisubiri.

Kupima nilimhitaji Baba. Nilimwambia ni kupima tu, hatuendi popote. Aliinuka kabla sijamaliza kusema. Tulivuta breki ya mkono, tukaweka mawe kwenye magurudumu, akawasha, akaingiza gia ya kwanza, kisha akaiachia klachi polepole huku mimi nimechuchumaa mlangoni na futi yangu ya kitambaa. Mlio wa injini ulipoanza kuzama, tukajua klachi inashika. Ilikuwa sentimita tisa kutoka sakafuni.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nimekata vitambaa miaka kumi na miwili, na mkono wangu haujui kupima kitu bila kuongeza akiba ya mshono. Tisa ikawa kumi na nusu, nikaikaza bolti kwa urefu huo, nikajiona nimemaliza. Baba alipojaribu kubadili gia, gia zilisaga meno mpaka Kesho akaja mbio, na sikujua kama mtu yule anaweza kukimbia. Alinieleza kwamba pedali lazima ishuke kupita pale klachi inaposhika, kwa hiyo huku akiba hupunguzwa, haiongezwi. Baba alicheka mpaka akaegemea usukani. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nimchukulie ufunguo.

Tuliishusha mpaka saba, tukakaza nati. Akazunguka uwanja ulio nyuma ya gereji ya Kesho, akisimama na kuondoka, mara kumi nilizozihesabu. Aliposhuka alisema goti halijaguna hata mara moja. Kisha nikaingia mimi, kisigino changu kikakaa sakafuni, gari likaondoka kwa adabu.

Hapo utauliza mimi nilifuata nini kwenye usukani, wakati ulishanikataza kujifunzia gari lako. Kaka, nguzo ya geti niliigonga mimi. Baba alikuwa akinifundisha kila Jumapili, ili siku goti likigoma niwe nampeleka sokoni. Siku ile alikuwa amekaa pembeni yangu. Kabla sijashuka kutazama hasara, aliniambia ukipiga simu ataongea yeye na kulibeba kosa, kwa sababu yeye utamkasirikia wiki moja, mimi mwaka mzima. Nikaona ni jambo dogo, nikanyamaza. Nikaendelea kunyamaza hata uliposema gari liuzwe, nikapokea ufunguo kwa mtu asiye na kosa. Naona aibu, na sina la kujitetea.

Jana nimemrudishia ufunguo, na mnunuzi nimempigia asije. Gari ni lako, na ukiamua vingine utaniambia. Huo mwaka wa hasira nianzishie mimi.

Limebaki moja. Siku uliyoniambia kwamba mzee amekwisha, hana macho wala miguu, nimnyang'anye ufunguo kabla hajaua mtu, mikono yangu ilikuwa kwenye kitambaa na simu ilikuwa kwenye spika. Baba alikuwa amesimama mlangoni, ameniletea chai. Alisikia yote. Neno moja tu lingemtoa kwenye lawama, na hakulisema. Aliweka kikombe mezani, akaniuliza kama sukari inatosha.

Hajui kwamba nakuandikia. Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Salamu za Baba sizitii humu. Mpigie, uzipokee mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Sindano