Moto Uliomuua Zenon Pielak

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Guangzhou
Jina: Kalista Anatory. Umri: miaka 38. Kazi: biashara ya nguo. Makazi: Xiaobei. Mkalimani: Khalid, mwanafunzi.

Marehemu Zenon Pielak, Mpolandi, nilifahamiana naye mtaa wa Kangle, kwenye karakana ninakoshonesha nguo za kupeleka Bukoba. Alileta suti yake ya ngozi iliyochanika. Alikuwa mshindani wa pikipiki za uwanja wa udongo, zile zisizo na breki. Kwao aliwahi kuwa bingwa wa vijana, akavunjika nyonga, klabu ikamtupa kama ganda la muwa. Huku alikimbia mbio za maonyesho tu. Aliniambia, "Kalista, nikishinda hata mara moja, narudi nyumbani kwa binti yangu."

Mnamo tarehe 12 Oktoba 2024, saa saba mchana, nilikuwa uwanjani, karibu na uzio. Jua lilikuwa kali. Zenon alishinda. Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma.

Akiwa anazunguka kuwapungia watu, niliona mpira wa mafuta umechomoka, yanamwagika mapajani. Pikipiki hizo zinatumia spiriti, na moto wa spiriti hauonekani juani. Hakuna moshi, hakuna mwali. Alijirusha chini akagaagaa. Watu wakacheka na kupiga makofi, wakidhani anashangilia ushindi.

Mimi nilijua, maana mwenyewe alishanionya: mtu wa kazi yetu ukimwona anagaagaa, mmwagie maji kwanza, maswali baadaye. Nikabeba ndoo ya msafishaji. Mlinzi akanishika mkono, "Mei shi, mei shi," yaani hakuna neno. Jamani! Mtu anaungua, hakuna neno? Nilimng'ata, ndiyo, na sijutii. Nilipommwagia Zenon yale maji mvuke ukapanda, ndipo makofi yakakoma. Alifia njiani kwenda hospitali.

Sasa nasikia mmeandika alikuwa amelewa, eti alinuka pombe. Hapana, afande. Ile ni harufu ya spiriti ya pikipiki. Zenon hata bia alikuwa haonji. Binti yake asije akaambiwa baba yake alijichoma kwa ulevi. Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Nimesema niliyoyaona kwa macho yangu, sikuongeza wala sikupunguza.

Sahihi: K. Anatory

Askari mpokeaji: Shahidi amesomewa maelezo kwa Kiswahili, akayakubali. Ameomba taarifa ya ulevi ifutwe. Ameelezwa kuwa taarifa hiyo ilishatumwa ubalozini jana, na binti wa marehemu amekwisha kuarifiwa.