Chipu Iliyotaka Kumtoa Nje

Jumanne, Januari 2008

Na bado hatutoki. Siku ya nne tumefungiwa mtaani Section 58 kwa ajili ya ghasia za uchaguzi, mimi na mume wangu mtamu wa wiki sita.

Chipu aliyofunga kwenye mashine yetu kuukuu ya gemu ili isome diski za kopi ilikataa kufanya kazi. Aliichomea kwa msumari uliopashwa moto jikoni, maana vifaa vyake vya ufundi viko dukani kwake mjini.

"Wacha nikimbie nivilete."

"Na wale vijana wenye mapanga barabarani? Hebu tuangalie tena, mpenzi."

Nikamulika tochi. Tone la bati la kuchomea lilikuwa limeunganisha miguu miwili ya chipu. Nikalikwangua kwa sindano, picha ikatokea!

Akanibeba juu. "Mama, wewe ndiye fundi!"

Nikalia kwa furaha. Sasa hana sababu ya kutoka.