Uso Si Mlango

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limepoa. Mama anauliza kama huko kwenye baridi bado unavaa soksi mbili mbili. Sisi hatujambo. Bibi anakula vizuri, ila siku hizi anataka asomewe gazeti lote, hata matangazo ya vifo, na msomaji ni mimi.

Nimechelewa kukuandikia. Nilianza mara nne nikachana. Unanijua, kusema jambo mbele ya mtu ni kazi kwangu, na kumbe hata mbele ya karatasi ni hivyo hivyo.

Tangu nimalize shule namsaidia Baba karakanani. Seremala anaunda, mimi napiga msasa, Baba anapaka rangi. Mwezi uliopita nilimaliza kabati zima peke yangu. Baba alilizunguka asiseme kitu, na kwake hiyo ni sifa.

Kichupa chako cha asidi ya hayaluroni, yale matone ya kulainisha uso, kilifika salama. Nilikifurahia kuliko nilivyoonyesha. Lile jina la Kitunguu ulilonipa kwa ajili ya ngozi yangu nyembamba bado linanifaa: sabuni mpya ikiingia nyumbani, mashavu yangu ndiyo ya kwanza kujua. Nilikuwa nakwenda kupigwa picha ya kitambulisho, nikatamani walau mara moja nisionekane kama mtu aliyetoka kupigwa makofi.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nichane karatasi. Maelezo yako niliyasoma. Uliandika nijaribu kwanza tone moja nyuma ya sikio, nisubiri siku mbili, kisha nipake matone mawili uso ukiwa na majimaji, halafu nifunike kwa krimu yangu ya kawaida. Nilipofika kwenye majimaji nikadhani umekosea. Shangazi, mimi ni mtoto wa fundi rangi. Tangu nina miaka sita naambiwa kwamba kitu kilicholowa hakipakwi. Basi nikausugua uso kwa taulo gumu kama mtu anayepiga msasa mlango, nikakaa dirishani mpaka ukakauka kabisa, nikapaka. Nikasubiri, nikapaka tena juu yake, mkono wa pili kama wa rangi. Krimu sikuigusa, niliona itaharibu kazi. Na la nyuma ya sikio nililiruka.

Kesho yake mashavu yalikuwa yamevimba na yanamenyeka. Seremala aliniuliza kama nimelalia jiko. Muuguzi wa zahanati alinieleza kwamba kitu hiki hushika maji, kwa hiyo hupakwa pale penye maji ya kushika, nami nilikuwa nimeichubua ngozi kisha nikaikausha. Nilielewa vizuri. Nyumbani sikumwambia mtu.

Baba alikasirika. Alisema, “Dada ananifanyia mtoto majaribio,” akakifungia kichupa kwenye kabati la tapentaini. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikamwacha aamini hivyo. Hiyo ndiyo sababu hajapokea simu zako wiki tatu. Na ulipoandika kwamba unarudi Agosti na unaomba chumba cha nyuma, yeye ndiye aliyeniambia nikujibu kuwa kimejaa mbao. Mbao zilikuwamo, lakini tatu tu. Nisamehe kwa ujumbe ule.

Alhamisi nilikuwa namsomea Bibi matangazo yake. Akanishika mkono, akauliza, “Shangazi yako yumo humo? Mbona simsikii tena?” Nikalikunja gazeti.

Nikaenda karakanani. Baba alikuwa anachanganya rangi. Nilimweleza huku nikitazama viatu vyake.

“Ulisugua kwanza?”

“Ndiyo.”

“Ukaacha pakauke.”

“Ndiyo, Baba. Na mkono wa pili.”

Seremala alicheka mpaka akaacha randa. “Fundi, huyu binti wako kabisa, huna haja ya kuuliza.”

Baba hakucheka. Aliiweka brashi chini, akanitazama mashavu, akasema, “Na dada yangu nikamnyima chumba.” Kisha akatoka.

Asubuhi yake nilikuta kichupa mezani jikoni, kimefutwa vumbi.

Ngozi inarudi taratibu. Muuguzi amesema nisipake kitu kipya mpaka ipone yote, ndipo nianze na lile tone la nyuma ya sikio. Safari hii nitaifuata karatasi yako neno kwa neno. Picha ya kitambulisho nilipigwa hivyo hivyo. Nimetoka mwekundu, lakini ni mimi.

Baba hajakupigia kwa sababu haya zimemshika, na kwa hilo sisi wawili ni wamoja. Hajaniambia nikuandikie, wala hajanikataza. Mbao tatu ziko uani. Hivi ninavyoandika namsikia anapiga msasa mlango wa chumba cha nyuma, na amepita dirishani sasa hivi kuuliza kama bado unapenda rangi ya kijani. Nimemjibu kwamba unaipenda. Kama nimekosea, mpigie wewe umwambie, maana simu ameiweka mfukoni tangu asubuhi.

Nisalimie Mjomba na wale pacha. Bibi, Mama na hata seremala wanakusalimu. Mungu akulinde kazini na njiani, akufikishe kwetu.

Ni mimi nikupendaye,
Kitunguu